Lami Kufika Vijiji Vyote vya Milimani

Ndugu zake Gwakisa walinipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu kwa sababu, walisema, mimi najua kupanga mambo. Nilikaa nao nyuma ya nyumba ya msiba, Makandana, karatasi gotini, nikawauliza yale ambayo wasifu wa msibani unataka: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, alisoma hadi darasa gani, alifanya kazi gani, ameacha nani. Kila swali lilizaa ubishi. Dada yake alisema Gwakisa alikuwa mfanyabiashara. Mdogo wake alisema hapana, dalali. Shemeji mmoja, aliyekuwa akimenya viazi pembeni, akasema, “Andika alikuwa mchangamfu.” Nikamjibu kwamba uchangamfu si kazi. “Kwa Gwakisa ilikuwa kazi, shemeji,” akasema, na wote wakacheka, jeneza likiwa sebuleni. Nilipata nusu ukurasa. Mchungaji aliusoma kwa haraka kabla mvua haijashuka, na hapakuwa na kosa hata moja ndani yake, isipokuwa kwamba mtu aliyemfahamu Gwakisa maisha yake yote angeweza kuusikiliza mwanzo hadi mwisho na bado akauliza ni nani anayezikwa.

Kwa hiyo nayaandika hapa yale yaliyokosa nafasi, nayo ni ya mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa naye chumba kimoja kule Msasani ya Tukuyu, sote tukiwa na umri wa miaka ishirini hivi. Natangulia kusema kwamba mwaka ule ulinichosha. Watu wanaokumbuka ujana wao huwa wanaulainisha, nami nimejaribu kufanya hivyo, lakini nikifika kwenye sauti ya Gwakisa ikisoma ukuta, meno yananiuma kama zamani.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbao, kama nyumba nyingi za mjini wakati ule, na mbao za Tukuyu hukauka zikaachana, upepo ukapita. Dawa ya upepo ilikuwa magazeti. Mwenye nyumba, Mzee Asajile, dereva mstaafu wa matrekta ya shamba la chai, alikuwa ameyabandika mwenyewe kwa uji mzito wa unga wa ngano, mwaka baada ya mwaka, tabaka juu ya tabaka, hadi kuta zikawa nene na laini kidogo ukizigusa. Mende walipenda uji ule, na usiku uliwasikia wakila habari. Mzee alikuwa na utaratibu wake: hakubandika karatasi kabla hajaisoma yote, alikata kingo zote nyeupe ili karatasi zikutane vizuri, na pale mbao ilipokuwa nyembamba aliligeuza gazeti ubavu, kwa hiyo habari nyingine ulizisoma ukiwa umelaza shingo. Kwa kukata kingo alikuwa ameondoa tarehe zote. Ulikuwa unalala katikati ya mambo yaliyotokea siku isiyojulikana.

Mchana nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Jioni nilijisomea kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, kwa sababu shule ya kawaida ilikuwa imenipita. Gwakisa aliuza masweta ya mitumba sokoni, biashara nzuri kwa mji ambao ukungu unaingia hadi ndani ya kikombe. Alirudi jioni akiwa amepiga kelele siku nzima na bado anazo. Mimi nafungua kitabu cha jiografia. Yeye anajilaza kitandani, anakunja mikono nyuma ya kichwa, anachagua kichwa cha habari.

“Sikiliza hii, bwana. WANANCHI WATAKIWA KUPENDA SAMAKI.”

“Nasoma.”

“Sasa angalia kitakachotokea. Balozi wa nyumba kumi anapita. Hodi! Karibuni. Nimekuja kukagua mapenzi. Unampenda samaki? Nampenda sana, balozi. Tangu lini? Tangu tangazo. Haya, mlete, tuwaone mkiwa pamoja.”

Upande wa pili wa mbao, ambako Mzee Asajile na mkewe Mama Lugano walikuwa wakinywa chai, ungesikia kikohozi cha mzee, kile cha kuficha kicheko. Gwakisa akisikia kikohozi kile hakuna tena wa kumzuia. Ilikuwapo habari ya kiongozi aliyetaka mvua itumike vizuri. Kwa Gwakisa hiyo ilimaanisha kwamba Tukuyu nzima tutafungwa. Bibi yake anasimama mahakamani: mshtakiwa, uliacha mvua ikapita juu ya paa lako mpaka mtoni bila kuitumia. Mheshimiwa, nilikuwa nimelala. Umelala wakati wa mvua! Hilo ni kosa la pili. Na kutoka ng’ambo ya mbao Mama Lugano anauliza, “Na aliyeanua nguo zikaloa hivyo hivyo?” “Huyo, mama, ni shahidi wa serikali.” Ilikuwapo pia NG’OMBE WA KISASA WAPOKELEWA KWA SHANGWE, ambayo ilikula jioni nzima, kwa sababu mahari zote za Rungwe zingevurugika: baba mkwe anawakataa wa kienyeji, anataka wa kisasa, na huyo wa kisasa mwenyewe, kabla ya kukubali kutolewa mahari, anauliza kama zizini kuna umeme.

Kilichonikera hasa, kuliko kelele, ni kwamba Gwakisa hakusoma hata mara moja mstari ulio chini ya kichwa cha habari. Mimi nilisoma. Nilimwambia kwamba habari ile inahusu ng’ombe wachache tu waliopelekwa kwenye shule fulani ya mbali, na kwamba shangwe zilikuwa za wanafunzi. Aliziba masikio. “Usinisomee chini, bwana wewe! Utaniharibia.” Nimeishi na jibu hilo miaka thelathini na ushee. Nimefanya kazi na watu wengi wenye vyeo wanaoishi hivyo hivyo, wakikasirika na kufurahi kwa herufi kubwa peke yake, na kila nikimkuta mmoja wao namsikia Gwakisa. Tofauti ni kwamba yeye alijua anachofanya.

Mwezi mmoja wa masika paa lilianza kuvuja upande wangu, tukasogeza kitanda. Nyuma yake, chini karibu na sakafu, palikuwa na karatasi iliyokolea rangi ya chai, iliyobandikwa kwa uangalifu kuliko zote, bila mkunjo. LAMI KUFIKA VIJIJI VYOTE VYA MILIMANI. Gwakisa alipiga magoti mbele yake kama mtu anayesali.

“Imefika Kinyala hii!” akapaza sauti. Mzee Asajile, ambaye Gwakisa alimwita tata, yaani baba, alikuwa na shamba Kinyala, migomba na kahawa kidogo, na ndizi zake ndizo tulizokula karibu kila jioni, kwa kuwa chakula kilikuwa ndani ya makubaliano ya chumba. “Basi linatoka Dar, linapanda, linapanda, linapita mbele ya shamba la tata. Konda anaita: Kwa Asajile! Wa Kwa Asajile wasogee mlangoni! Watu wanashuka kwenye kibanda chake, wananunua soda, mayai ya kuchemsha. Trafiki amejificha kwenye migomba, hapo hapo, anakula ndizi za mzee anasubiri wanaokimbiza magari.” Akafikiri kidogo, na ndipo alipoharibu. “Ila tatizo, dereva hatakiona kibanda. Migomba imeziba. Atapita mbio, soda zitabaki. Tata! Fyeka ile ya mbele, basi likuone!”

Nilingoja kikohozi, lakini ng’ambo ya mbao kulikuwa kimya.

Jumamosi iliyofuata Mzee Asajile alinoa panga asubuhi, akaenda Kinyala peke yake. Mama Lugano alirudi kutoka huko Jumapili mchana, baada ya kumfuata, akasimama mlangoni kwetu na kanga imelowa mabegani. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa na Kinyakyusa ndani yake, na alipokasirika Kinyakyusa kilizidi.

“Mmemwambia nini baba yenu?”

Gwakisa aliinuka kitandani.

“Amekata migomba. Mstari wa mbele, yote. Mingine ina mikungu bado michanga. Anasema balabala inakuja.” Akaketi kwenye kitanda cha Gwakisa bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. “Ile migomba niliipanda mimi nikiwa nimembeba Lugano mgongoni. Jumamosi anasema anamaliza mstari wa pili. Akimaliza wa pili, sisi tutakula nini? Lami?”

Ndipo tulipopata habari yote. Mwaka ule mzee alipobandika karatasi ile, alijenga kibanda cha tofali mbele ya shamba, chenye dirisha la kuuzia, tayari kwa barabara. Barabara haikuja. Migomba ilikua mbele ya dirisha, Mama Lugano akaweka majembe ndani, na mzee hakulitaja tena jambo lile. Lilikuwa limelala miaka yote nyuma ya kitanda cha mpangaji, na Gwakisa akaliamsha.

“Wewe unayesoma,” Mama Lugano aliniambia, “nenda kaongee naye.”

Nilijiandaa. Niliisoma habari nzima kwa tochi, na nikaona kwamba haikutaja mkoa, wala wilaya, wala mwaka wa kuanza. Ilikuwa hotuba ya mtu mmoja kwenye mkutano. Nilipanga hoja zangu kwa mtiririko, dhaifu kwanza na nzito mwisho, nikaenda sebuleni. Mzee alikuwa kwenye jiko la mkaa, anapasha mikono.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Kaa, chai hiyo.”

“Baba, lile gazeti la lami ni la zamani.”

“Najua. Si nililibandika mimi? Lugano alikuwa bado ananyonya.” Lugano wakati huo alikuwa ameolewa Kyela na ana watoto wake.

“Basi kama miaka yote hiyo lami haijafika…”

“Ndiyo maana iko karibu.”

Nikaruka hadi hoja ya pili. “Haisemi milima ipi, baba.”

“Kinyala ni bondeni?”

“Hapana.”

“Haya.”

Nikatoa ile nzito: kwamba aliyesema huenda hayupo tena kazini, na kwamba mipango hubadilika. Mzee alinisikiliza kwa heshima, kama anavyomsikiliza kijana wa kanisani. Kisha akauliza, “Wewe umesoma mahali popote wameandika kwamba lami haitafika vijiji vya milimani?”

“Hapana, lakini…”

“Gazeti likikosea, siku nyingine linaandika kwamba lilikosea. Nimeyaona hayo. Mimi nasoma kila karatasi kabla sijaibandika, na hilo sijaliona.” Akanimiminia chai. “Mtihani wako lini?”

Tangu siku ile nimesoma vitabu vingi, vingine vya namna ya kujenga hoja, nimevisoma kwa mpangilio na kuandika muhtasari wa kila kimoja, na sijapata jibu la kumpa Mzee Asajile. Alikuwa na kila kitu ambacho msomaji mzuri anapaswa kuwa nacho. Alisoma yote, alisoma polepole, alikumbuka. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba upande wa pili nao unakumbuka, na sijui kama hilo ni kosa lake kweli.

Nilirudi chumbani nimeshindwa. Mama Lugano, aliyekuwa amesikia kila neno kupitia mbao, akamgeukia Gwakisa. “Wewe ndiye uliyewasha. Kazime.”

Gwakisa hakujiandaa kwa lolote. Alikuwa anakula parachichi kwa kijiko, akaenda nalo hivyo hivyo.

“Ndaga, tata,” akamsalimu kwa Kinyakyusa. “Nimesikia umeanza kusafisha.”

“Nimeanza.”

“Safi sana. Ila fidia umeiweka wapi?”

“Fidia gani?”

“Ah, tata! Lami haiji yenyewe. Wanatangulia wathamini, watu wa kofia. Wanahesabu mali iliyo kando ya njia. Mgomba huu, mgomba ule, wanaandika. Jirani yako, yule ambaye migomba imeingia mpaka mlangoni, wanaandika mpaka kalamu inaisha wino. Wakija kwako wanakuta visiki. Sasa kisiki, tata, utakidaia nini?”

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini.

“Wanahesabu mmoja mmoja?”

“Mmoja mmoja. Na mwenye mkungu anaandikwa peke yake.”

Jumamosi mzee hakukata. Badala yake alipanda machipukizi pale alipokuwa amefyeka, akapanda na kando ya kibanda, akapanda hata mbele ya mlango wa kibanda chenyewe. Gwakisa alijipongeza wiki nzima. “Umeona? Wewe ulimpelekea ukweli, mimi nimempelekea wathamini. Nani ameokoa migomba?” Ilikuwa imeokoka kweli, na nilikasirika kwa kiasi ambacho hata sasa kinanishangaza, kwa sababu uongo ulikuwa umefanya kazi ya hoja zangu zote kwa muda wa kumaliza parachichi moja.

Lakini Gwakisa hakusoma chini, hata ya habari aliyoitunga mwenyewe. Mkungu ukivunwa, mgomba wake nao unaangushwa. Mzee Asajile alilitafakari hilo siku chache, kisha akapiga marufuku kuvuna. Hakuna kukata mkungu wowote upande wa mbele mpaka wathamini wapite, na kwa vile njia ya lami haijulikani itapita upande upi, hakuna kukata upande wowote. Ndizi zilikomaa shambani, zikaiva, zikapasuka. Ngedere wakahamia. Kwetu jioni ukaja ugali, viazi, kande, ugali tena. Halafu siku moja nikitoka dukani nilimwona Mama Lugano sokoni, kanga imevutwa hadi kwenye paji la uso, ananunua ndizi. Mtu asiyetoka huku hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Mwanamke wa Rungwe mwenye shamba lake, anainama mbele ya muuzaji, anabonyeza ndizi za mtu mwingine. Aliponiona aligeuka upande wa wauza nyanya, nami nikapita kama sijamwona.

Jioni ile nilimweleza Gwakisa, na kwa mara ya kwanza hakucheka. Akaanza mara moja kutafuta jingine la kumwambia mzee: kwamba wathamini hawalipi ndizi iliyooza, au kwamba wamekwisha kupita usiku. Mimi nilisema hapana, safari hii aambiwe ukweli kwa maandishi. Tukabishana, yeye amesimama, mimi nimekaa, sauti zikipanda, hadi mbao zikagongwa kwa ngumi.

“Nyamazeni wote wawili!” Ilikuwa sauti ya Mama Lugano. “Mmoja anaongea sana, mwingine anajua sana. Jumamosi mje Kinyala mnibebee mizigo. Basi.”

Tulifika asubuhi, mvua ya manyunyu. Mzee Asajile alikuwa ametangulia, anapaka mashina chokaa kwa brashi, shina kwa shina, ili wathamini wasiruke hata moja. Alikuwa na furaha. Alitusalimia, akatuonyesha mstari uliokwisha kupakwa. Mama Lugano alichukua panga lililoegemezwa ukutani mwa kibanda, akatembea hadi kwenye mgomba wa karibu, wenye chokaa bado mbichi na mkungu mkubwa uliokomaa vizuri, akaupiga. Ulikuwa mgomba mnene; alipiga tena, na tena, maji yakimrukia usoni. Mzee alisimama na brashi yake, chokaa ikidondoka kwenye kiatu.

“Mama Lugano! Huo umehesabiwa!”

Mgomba ulilala chini polepole, ukiparua majani ya wenzake. Alikata mkungu, akaunyanyua kwa mikono miwili.

“Watu wako wakija,” akamwambia, “waambie huu umeliwa na mkeo. Kama wanataka kuuhesabu, waje wanihesabu mimi.”

Nilimtazama Gwakisa. Mdomo wake ulikuwa wazi, neno likiwa tayari ndani, na nikamwona akilimeza. Nami nilikuwa na karatasi mfukoni, hoja zimeandikwa vizuri, sikuigusa. Mama Lugano aliingia kibandani, akasogeza majembe, akapanga mawe matatu, akatutuma kuni na maji. Alimenya ndizi kwa kisu kwa haraka, utomvu ukimtia weusi vidoleni, akazitia kwenye sufuria na maharage aliyokuja nayo yamechemshwa tangu nyumbani. Moshi ulijaa mle ndani, tukalia machozi sote wanne, tukikaa juu ya magunia ya mbolea, mzee karibu na mlango, mgongo wake nje kwenye manyunyu.

Alipopakua, sahani ya kwanza aliiweka mbele yake. Mzee Asajile aliitazama muda mrefu. Kisha akanawa mikono ya chokaa kwenye ndoo, akala, akala yote, akapangusa sahani kwa kidole. Akageuza shingo, akatazama nje kwenye migomba yake.

“Ule wa pembeni,” akauliza, “umekomaa?”

“Nenda kauone,” Mama Lugano akasema, akamsogezea panga.